Kabla ya kisu, muulizeni mama kama mzee anakoroma

Nimeadimika hapa kibarazani kwa sababu dawati la habari limenitoa jasho wiki hizi, na nikirudi nyumbani usiku nakuta umeme umekwenda zake. Leo nimepata nafasi na nataka tuzungumze kuhusu kukoroma. Chekeni kwanza, mkimaliza turudi, maana ninachotaka kusema ni kwamba hospitali zetu nyingi zinawapeleka watu kwenye kisu bila kuwauliza swali moja ambalo halina gharama yoyote, na wapo wanaoharibikiwa na moyo siku chache baadaye kwa jambo ambalo swali hilo lingelifichua.

Kwetu mtu anayekoroma tunamhesabu kuwa amebarikiwa. Tunasema amelala fofofo, amelala usingizi wa pono, hana deni na mtu. Kwenye basi la kutoka Mwanza abiria wa namna hiyo atataniwa mpaka Morogoro, eti mzee umetusagia mahindi njia nzima. Hakuna hata mmoja atakayemwambia, ndugu, nenda kamwone daktari.

Lakini kuna kukoroma na kukoroma. Yupo anayekoroma kwa mwendo mmoja kama feni mbovu mpaka alfajiri, na huyo mara nyingi ni kero kwa wenzake tu. Yupo mwingine anakoroma, sauti inapanda, inapanda, halafu kimya. Kimya kabisa. Aliyelala naye anaanza kuhesabu, kumi, kumi na tano, ishirini. Kifua kinahangaika kupanda na kushuka lakini hewa haipiti. Kisha anashtuka kwa mkoromo mmoja mkubwa kama mtu aliyeibuka kutoka chini ya maji, anajigeuza, na mchezo unaanza upya. Asubuhi ukimuuliza hakumbuki kitu. Anakwambia amelala vizuri, ila kichwa kinamgonga na akikaa kwenye kiti saa nane mchana anasinzia na gazeti mkononi.

Hiyo ya pili ndiyo ugonjwa. Madaktari wanauita apnia ya usingizi, yaani kukatika kwa pumzi mtu akiwa amelala. Koo letu la juu ni kama mpira laini wa maji usio na mfupa wa kuushikilia, kinachouweka wazi ni misuli. Tukilala misuli inalegea, na kwa mtu mwenye shingo nene, au taya dogo, au ulimi mkubwa, au mafuta mengi shingoni, mpira unajikunja na kuziba. Pumzi ikikatika kwa sekunde 10 au zaidi inahesabiwa mara moja. Kwa mtu mzima, chini ya mara 5 kwa saa hakuna neno. Ikifika 15 tatizo ni la wastani, na kuanzia 30 kwa saa ni kali. Hebu pigeni hesabu: mara 30 kwa saa ni kukabwa kila baada ya dakika mbili, usiku kucha, miaka nenda miaka rudi.

Na neno kukabwa sikulichagua bure. Nimewahi kuwasikia watu wengi, hasa kule kwetu, wakisema usiku wanakabwa na jinamizi. Si kila jinamizi ni apnia, kuna hali nyingine ya mtu kuamka akili huku mwili umegoma, na hiyo ni habari tofauti. Lakini mtu anayeamka usiku akitweta, akishika shingo, mke akishuhudia kwamba kweli pumzi ilikatika, huyo tunampeleka kwenye maombi au kwa mganga, tunamfukizia ubani, na koo lake linabaki vilevile. Sina ugomvi na maombi. Nasema baada ya maombi kuna kipimo.

Sasa tuingie hospitali. Anayekulaza kwa ajili ya upasuaji kwa Kiswahili chetu anaitwa mtaalamu wa usingizi. Jina zuri kweli. Anakuja kitandani jioni ya kabla ya operesheni na faili lake, anauliza umekula saa ngapi, una presha, una kisukari, una pumu, dawa gani inakudhuru, umewahi kupigwa nusu kaputi, una meno ya bandia. Maswali yote ni ya maana, hilo la meno limeokoa watu wengi wasimeze meno yao. Ila nimezungumza na watu kadhaa waliopasuliwa miaka hii, ndugu, majirani, wenzangu wa kazini, na karibu wote wanasema hakuna aliyewauliza wanalalaje. Mtaalamu wa usingizi anauliza mambo yote isipokuwa usingizi!

Kwa nini ingefaa aulize? Kwa sababu dawa za nusu kaputi zinalegeza misuli ileile ya koo ambayo tayari ni dhaifu. Dawa kali za maumivu zinazofuata, mofini, pethidini na jamaa zake, zinapunguza kasi ya kupumua na pia zinamzubaisha yule mlinzi aliye ndani ya ubongo ambaye kazi yake ni kukushtua pumzi ikikatika. Nyumbani mlinzi anakuamsha baada ya sekunde ishirini. Wodini, akiwa amenyweshwa pethidini, anachelewa. Ongeza kwamba mgonjwa mwenye mshono tumboni analazwa chali, na chali ndiyo namna mbaya kuliko zote kwa koo la aina hii kwa sababu ulimi unarudi nyuma.

Moyo unaingiaje? Mtu akivuta hewa kwa nguvu huku koo limeziba, ndani ya kifua kunakuwa na mvuto mkubwa. Vyumba viwili vya juu vya moyo vina kuta nyembamba, vinatanuliwa kama puto. Oksijeni inashuka. Mwili unapiga king'ora, homoni za hofu zinamwagika, presha inaruka, moyo uliokuwa umepunguza mwendo unapigwa kiboko ghafla. Rudia hivyo mara mia mbili kwa usiku mmoja, kwa mtu ambaye mwili wake tayari umechokozwa na kisu, una maumivu, na pengine chumvichumvi za damu kama potasiamu zimevurugika kwa kutokula na kutundikiwa dripu. Umeme wa moyo unaweza kwenda mrama. Vyumba vya juu, badala ya kupiga, vinatetemeka ovyo kama jeli. Jina la kitaalamu ni atria fibrilesheni. Mgonjwa anasikia moyo unakimbia bila mpangilio, wengine hawasikii chochote. Damu inaweza kutuama kwenye kona za vyumba vile, ikaganda, na bonge likikatika likapanda kichwani, hicho ni kiharusi.

Sitaki kumlaumu mkoromo kwa kila kitu. Umri, presha, homa ya maambukizi, tezi ya shingo, pombe, vyote vinaweza kuufikisha moyo hapo. Waliopasuliwa moyo wenyewe wanaipata kwa wingi sana, takriban mmoja kati ya watatu, hata kama analala kama mtoto mchanga. Hoja yangu ni kwamba kati ya visababishi vyote hivi, presha tunaipima, sukari tunaipima, na huyu mmoja hatumtazami kabisa.

Nina sababu ya kuliandika hili kwa moto. Baba yangu mkubwa, mtu wa miaka 57, alifanyiwa operesheni ya mawe ya nyongo katika hospitali moja hapa mjini ambayo sitaitaja, maana nina hakika zipo nyingi za namna yake. Ni mtu mnene, shingo imejaa kola, presha anayo tangu zamani. Alipasuliwa Jumanne, akatoka salama, Jumatano akala uji, akatania manesi. Usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa, saa tisa na ushee, mgonjwa wa kitanda cha jirani ndiye aliyemwita nesi. Alimwambia, "Sista, huyu mzee mara anakufa mara anafufuka." Nesi alipofika alikuta mapigo 150 kwa dakika, hayana mpangilio. ECG ilipochukuliwa ikaonyesha ile mitetemo ya vyumba vya juu. Walimpa dawa za kutuliza mwendo na baadaye za kuzuia damu kuganda. Ijumaa jioni moyo ulirudi kwenye mstari, wakamwambia ni mshtuko wa operesheni, hutokea, nenda nyumbani.

Hapo kesi ingefungwa. Wiki tatu baadaye alikwenda kliniki nyingine kwa ajili ya moyo, na daktari kijana wa huko hakumuuliza yeye, alimgeukia mama mkubwa: "Mama, mzee analalaje?" Mama mkubwa akacheka, akasema huyo ni trekta. Halafu akasema, kwa sauti ya chini kidogo, kwamba kuna nyakati trekta linazimika na yeye humsukuma kwa kiwiko mpaka liwake. Anamsukuma hivyo kwa karibu miaka kumi. Binamu yangu akatoa simu, maana alikuwa na video ya mzee akikoroma sebuleni siku ya Idi, ilishazunguka kwenye kundi la WhatsApp la familia na vikatuni vya kucheka chini yake. Daktari akaiangalia mara mbili. Akaweka kidole kwenye skrini pale panapokuwa kimya na kuhesabu. Sekunde 27. Alivishwa kifaa cha kulala nacho nyumbani, majibu yakatoka: mara 41 kwa saa.

Miaka kumi ya kiwiko cha mama mkubwa! Ushahidi wote ulikuwepo chumbani kwake, na jioni ya kabla ya operesheni alikuwa amekaa pale pale pembeni ya kitanda na kikapu cha chupa ya chai. Mtaalamu wa usingizi alimsalimia kwa heshima zote, shikamoo mama, akamwomba apishe kidogo ili amuulize mgonjwa maswali.

Kuna jambo la usiku wa tatu ambalo lilinishangaza nilipoanza kusoma, nikadhani ni bahati mbaya ya mzee wangu tu. Kumbe lina maelezo. Usiku wa kwanza baada ya upasuaji, maumivu na dawa vinafukuza ule usingizi mzito wa ndoto. Mwili unaudai. Kuanzia usiku wa tatu hivi usingizi wa ndoto unarudi kwa deni lililolimbikizwa, na ni katika usingizi huo ndipo misuli inalegea kuliko wakati wowote. Watafiti wa Toronto wakiongozwa na Frances Chung waliwapima wagonjwa usiku baada ya usiku, wakaona kukatika kwa pumzi kunafikia kilele usiku wa tatu. Na kwa upasuaji wa moyo inajulikana siku nyingi kwamba mapigo huvurugika zaidi siku ya pili mpaka ya nne. Sasa fikirieni ratiba ya wodi zetu: macho yote kwa mgonjwa ni saa za mwanzo. Siku ya tatu ameshahamishiwa kitanda cha mbali na meza ya manesi, oksijeni imeondolewa, kazi yake ni kusubiri kuruhusiwa.

Takwimu zipo, ingawa si za kwetu. Mwaka 2019 jarida la madaktari la Marekani, JAMA, lilichapisha utafiti ulioongozwa na Matthew Chan wa Hong Kong. Walichukua watu wenye umri wa kuanzia miaka 45, wenye hatari fulani ya moyo, waliokuwa wakienda kufanyiwa upasuaji mkubwa usio wa moyo, katika hospitali 8 za nchi 5. Hakuna hata mmoja aliyekuwa anajua kama ana apnia. Walipimwa usingizi kabla ya kisu. Kati ya watu 1,218, asilimia 67.6 walikuwa nayo, na asilimia 11.2 walikuwa na ile kali. Ndani ya siku 30, wenye apnia kali waliopata matatizo ya moyo na mishipa, ikiwamo mapigo kuvurugika, walikuwa asilimia 30.1. Wasio nayo kabisa, asilimia 14.2. Mara mbili na zaidi. Kwa wale wenye apnia ndogo na ya wastani tofauti haikuwa ya uhakika, na ni haki kulisema hilo, maana mtu akikwambia kila mkoromo ni kifo anakutisha bure.

Na ule msemo wa "ni mshtuko wa operesheni, hutokea" nao una kasoro. Mwaka 2014 jarida hilohilo lilitoa uchambuzi wa wagonjwa zaidi ya milioni 1.7 wa California. Kwa waliopasuliwa kitu kisicho moyo na mapigo yakavurugika wakiwa hospitali, asilimia 1.47 walipata kiharusi ndani ya mwaka mmoja. Kwa wale ambao moyo ulitulia, asilimia 0.36. Kwa hiyo mtu akitoka wodini na historia hiyo anahitaji kufuatiliwa, na anahitaji mtu wa kuuliza kwa nini ilitokea. Kuruhusiwa na panadol hakutoshi.

Nawasikia madaktari wenzangu wa shule, wale tuliokula nao ugali wa mlimani, wakiniambia: kijana, wewe umesomea habari, rudi kwenye habari. Hospitali haina dripu za kutosha, wewe unaleta mambo ya kupima usingizi? Mashine ya CPAP, ile inayosukuma hewa puani kushikilia koo, aliyoibuni Colin Sullivan kule Sydney na kuitangaza 1981, bei yake inakula mishahara yangu kadhaa. Na hata ukiwa nayo, utafiti mkubwa wa SAVE wa mwaka 2016, wenye watu zaidi ya 2,600 ambao tayari walikuwa na ugonjwa wa moyo au wa mishipa ya ubongo, haukuona mashine hiyo ikipunguza mishtuko ya moyo wala viharusi, ingawa wengi waliivaa kwa saa tatu na kidogo tu kwa usiku.

Nakubali yote. Ndiyo maana siombi mashine. Wala sisemi operesheni zisimamishwe mpaka kila mtu alale maabara, hata miongozo ya wataalamu wa nje haisemi hivyo. Naomba swali, na naomba jibu liandikwe kwenye faili kwa wino unaoonekana.

Huyo Frances Chung na wenzake walitengeneza hojaji mwaka 2008 inaitwa STOP-Bang, ina maswali manane ya ndiyo au hapana. Unakoroma kwa sauti? Unachoka au unasinzia mchana? Kuna mtu amewahi kukuona pumzi ikikatika? Una presha? Uzito wako umezidi sana kwa urefu wako? Umepita miaka 50? Shingo yako inazidi sentimita 40? Wewe ni mwanamume? Ukipata ndiyo tano au zaidi, uwezekano ni mkubwa. Kifaa kinachotakiwa ni futi ya fundi cherehani, na pale nje ya hospitali yoyote ya Dar nitakuonyesha anayeziuza kwa bei ya maji ya kunywa. Baba mkubwa angepata saba, labda nane. Nina wasiwasi kidogo na lile swali la jinsia, kwa sababu kina mama wakishafunga hedhi hatari yao inapanda, na wao hawaelezwi kuwa wanakoroma. Mwanamke mtu mzima akisema amechoka anaambiwa ni mawazo, ni wajukuu, ni presha. Na waume zetu, tuseme ukweli, hawaamki kuhesabu pumzi ya mtu.

Swali la tatu ndilo roho ya hojaji yote, na mgonjwa hawezi kulijibu. Shahidi ni aliyelala naye. Hapa ndipo tuna utajiri ambao Ulaya hawana. Mgonjwa wetu haji peke yake, anakuja na mke, shangazi, wifi, mtoto wa kaka, na sufuria. Tunawafukuza saa kumi na mbili jioni baada ya muda wa kuona wagonjwa, tunafunga geti, na pamoja nao tunafungia nje maelezo yote ya miaka kumi. Dakika moja tu ya kuwauliza kabla geti halijafungwa.

Ukishajua, ufanye nini bila mashine? Mgonjwa anyanyuliwe kichwa cha kitanda, alale ubavu pale mshono unaporuhusu. Paracetamol na ganzi ya eneo la mshono zitangulie, pethidini ipunguzwe na isigongane na vidonge vya usingizi. Awekwe kitanda ambacho nesi akiinua macho anakiona, usiku wa kwanza, wa pili na hasa wa tatu. Kile kibana cha kidoleni cha kupima oksijeni, ambacho miaka ya korona kiliingia mpaka majumbani, kibaki kidoleni usiku badala ya kuchomekwa dakika moja asubuhi wakati mgonjwa yuko macho na anapumua kama kawaida. Tena kuna mtego hapo: mgonjwa akiwa kwenye oksijeni ya pua, namba ya kidoleni inaweza kusoma 97 huku anapumua vibaya kabisa. Namba nzuri isimpe mtu usingizi. Na mapigo yahesabiwe kwa mkono dakika nzima, maana mkono wa nesi mzoefu unaijua haraka sana ngoma isiyofuata mdundo.

Kuna atakayesema uangalizi wa aina hiyo ulishajaribiwa Afrika ukashindwa, na ana hoja. Utafiti mkubwa wa upasuaji barani, uliohusisha nchi 25 na kuchapishwa kwenye Lancet mwaka 2018, ulifuata wagonjwa zaidi ya 11,000. Waliofariki ni asilimia 2.1, mara mbili ya wastani wa dunia, ingawa wagonjwa wetu walikuwa vijana zaidi na wenye afya nafuu. Kinachouma ni kwamba vifo 94 kati ya kila 100 vilitokea baada ya siku ya operesheni. Someni tena hapo. Tunafikiri mtu akitoka thieta amepona, tunapiga simu kijijini kutangaza, kumbe hatari ndiyo inaanza kuvua viatu. Watafiti haohao wakajaribu dawa: wagonjwa walio hatarini wapimwe mara nyingi zaidi, walazwe panapoonekana na manesi, ndugu waruhusiwe kukaa nao, na mwongozo ubandikwe kitandani. Matokeo yakatoka 2021, nchi 28, hospitali zaidi ya 300. Vifo havikupungua.

Nilipoisoma nilikaa kimya muda. Lakini nikiitazama naona hospitali nyingi hazikuwa na watu wa kuyatekeleza hayo yote. Nesi mmoja kwa wagonjwa thelathini usiku hawezi kuongeza macho ambayo hana. Kwangu mimi hilo linaongeza uzito wa kujua nani hasa wa kumtazama, na kutazama nini. Ukimwambia nesi huyo "waangalie wote zaidi" umempa kazi isiyowezekana. Ukimwambia "kitanda namba 9 pumzi yake hukatika, mkewe kasema, mpitie usiku wa Alhamisi", hilo anaweza. Ni maoni yangu, sijayapima, na ningefurahi kuona chuo chetu kimojawapo cha afya kikiyapima hapa hapa, maana ukiwa na futi, kibana cha kidoleni na wanafunzi kumi wenye bidii unaanza kesho.

Mhariri wangu nilipompelekea wazo hili aliniuliza kuna waziri amesema nini kuhusu kukoroma. Nikamjibu hakuna. Akasema basi si habari. Ndiyo maana mnaisoma hapa.

Baba mkubwa sasa analala ubavu, shangazi alimshonea mfuko nyuma ya fulana akaweka mpira wa tenisi ndani ili akigeuka chali mpira umchome. Ameshusha kilo tisa na anaendelea na dawa zake. CPAP bado tunaichangia, kwenye lile kundi la WhatsApp lililokuwa likicheka, na imebaki kama theluthi hivi.

Sasa nina ombi kwa wasomaji wa aina mbili. Kama una ndugu aliyepangiwa operesheni mwezi huu, mrekodi usiku mmoja kwa simu, hata sauti tu, dakika kumi zinatosha, halafu mwonyeshe mtaalamu wa usingizi kabla hajafunga faili. Na kama wewe ni nesi au daktari wa wodi ya upasuaji, Dar, Mbeya, Tanga, popote, niandikie uniambie: kwenye fomu yenu ya kumwandaa mgonjwa, kuna mstari wa kuandika kama anakoroma? Sitataja jina lako wala hospitali yako. Nataka kuhesabu.